Ndege ya Injini Mbili kwa Rubani Mwenye Saa Chache: Jinsi ya Kuichagua na Kuikatia Bima

Wafanyabiashara wengi wanaojifunza urubani hufuata mpangilio uleule. Hupata leseni binafsi, huruka Cessna ya injini moja kwa mwaka mmoja au miwili, na biashara inapoanza kuwapeleka Mombasa asubuhi na Mwanza siku inayofuata, hutafuta ndege ya injini mbili, huiona kwenye tangazo, hulipa amana, na mwisho kabisa ndipo humpigia simu dalali wa bima. Ushauri wangu ni kuugeuza mpangilio huo juu chini: dalali apigiwe simu kwanza, na amana iwe ya mwisho. Kampuni ya bima ndiyo itakayosema nani ataruhusiwa kuirusha ndege hiyo, baada ya mafunzo gani, akiwa na nani pembeni, na kwa bei gani. Majibu hayo hubadilika sana kutoka aina moja ya ndege hadi nyingine, hata pale ambapo bei zao sokoni zinalingana.

Ili maelezo yasielee hewani, tumchukue mnunuzi mmoja wa kufikirika na tumfuate hadi mwisho. Ana kampuni Nairobi, ndege yake italala kwenye uwanja wa Wilson, ana leseni binafsi yenye idhini ya injini nyingi, na daftari lake lina saa 260 za kuruka, ambazo 15 tu kati yake ni za injini mbili. Anataka kujirusha mwenyewe pamoja na wafanyakazi wawili au watatu. Fedha anazo. Anachokosa ni saa, na saa hazinunuliwi pamoja na ndege.

Anza na safari, si na ndege

Andika safari zote ulizofanya kwa kazi katika miezi 12 iliyopita: ulikwenda wapi, mlikuwa wangapi, mlibeba mizigo gani, na mlirudi siku ileile au la. Orodha hiyo huwashangaza wengi, kwa sababu ndege waliyokuwa wakiiota ina viti sita huku safari nyingi zilikuwa za watu watatu, na viti sita vikijaa watu wazima na mafuta, ndege ndogo ya injini mbili huwa imeshapita uzito unaoruhusiwa.

Kasi nayo hupewa sifa kuliko inavyostahili. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa anga ni kama maili 233 za kibaharia. Ndege inayokwenda noti 160 (yaani maili 160 za kibaharia kwa saa) itatumia takriban dakika 87, na inayokwenda noti 195 itatumia kama dakika 72. Robo saa hiyo moja hulipiwa kwa mafuta zaidi, injini kubwa zaidi za kutunza, na ada kubwa zaidi ya bima, kwa kuwa ndege yenye kasi humpa rubani mchanga muda mfupi zaidi wa kufikiri anapokaribia uwanja. Kwenda Dar es Salaam, maili zikiwa zaidi ya 360, tofauti inaanza kuonekana, lakini hata hapo ni chini ya nusu saa.

Injini moja ikizima Wilson

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo matangazo ya ndege hayasemi kitu. Mnunuzi hufikiri kwamba injini ikizima atabaki na nusu ya ndege. Nguvu ni kweli hupungua nusu, lakini uwezo wa kupanda hutokana na nguvu inayobaki baada ya ndege kujibeba yenyewe, na hiyo ziada ndiyo inayoliwa karibu yote. Piper Seneca II, kwa takwimu za kiwandani, hupanda futi 1,340 kwa dakika kwenye usawa wa bahari injini zote zikifanya kazi. Injini moja ikizima, hupanda futi 225. Hiyo ni hasara ya zaidi ya asilimia 80, na takwimu zenyewe zilipimwa na rubani wa kiwanda, kwenye ndege mpya, propela iliyozima ikiwa imeshageuzwa makali yake kuelekea mbele ili isiburute hewa. Zaidi ya hayo, kanuni za Marekani ambazo nyingi ya ndege hizi zilipasishwa chini yake hazikuilazimisha ndege ya injini mbili yenye uzito usiozidi pauni 6,000, na yenye kasi ya kuanguka (kasi ambayo chini yake mabawa hayaibebi tena ndege) isiyozidi noti 61, iweze kupanda kwa injini moja. Ilitosha kiwanda kuandika kinachotokea, hata kama kinachotokea ni kushuka.

Sasa weka hesabu hiyo Nairobi. Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Katika hewa ya kawaida ya vitabuni, joto la kimo hicho ni takriban nyuzi 4 za selsiasi. Mchana wa Februari joto likifika nyuzi 26, tofauti ni nyuzi 22, na kila nyuzi ya ziada huongeza takriban futi 120 kwenye kimo ambacho mabawa na injini vinakihisi. Nyuzi 22 mara 120 ni futi 2,640. Kwa hiyo ndege inayoondoka Wilson saa nane mchana hujiona iko juu ya futi 8,100 hata kabla magurudumu hayajaacha lami.

Chukua kitabu cha ndege unayoitaka na utafute kimo cha mwisho cha kuruka kwa injini moja, yaani kimo ambacho ndege yenye uzito kamili bado inaweza kupanda futi 50 kwa dakika. Kwa Beechcraft Baron 58 yenye injini mbili za Continental IO-550 za nguvufarasi 300 kila moja, zisizo na tabochaja (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), kimo hicho ni takriban futi 7,300. Kwa Piper Seminole, ndege nzuri ya kufundishia yenye injini za nguvufarasi 180, ni takriban futi 3,800. Kwa Seneca II, ambayo injini zake zina nguvufarasi 200 tu lakini zina tabochaja, ni zaidi ya futi 13,000. Ndege hizo tatu zikiegeshwa Mombasa, Baron ndiye mfalme. Zikiegeshwa Wilson mchana wa joto zikiwa zimejaa, ni Seneca peke yake inayoahidi kupanda baada ya injini moja kuzima, na milima ya Ngong iko pale pale upande wa magharibi, kilele chake kikiwa juu ya futi 8,000.

Sisemi kwamba Baron haifai Nairobi. Wapo wanaoiruka miaka mingi. Nasema kwamba anayeiruka kutoka Wilson lazima ajue uzito gani wa kuondoka nao, aondoke asubuhi hewa ikiwa baridi, na awe ameamua kabla ya kusukuma mikono ya nguvu, yaani wenzo za kuongeza nguvu ya injini, kwamba injini ikizima huku njia ya kurukia ikiwa bado mbele yake, atavuta mikono yote miwili na kutua. Rubani mwenye saa 15 za injini mbili hajajenga uamuzi huo mwilini.

Hatari inayoua ndiyo hiyo. Injini moja inayosukuma peke yake huivuta ndege upande, na usukani wa mkia huweza kuishikilia ikiwa tu kasi inatosha. Kwenye kipimakasi kuna mstari mwekundu unaoonyesha kasi ya chini kabisa ya kuimudu ndege kwa injini moja, na mstari wa buluu unaoonyesha kasi bora ya kupanda kwa injini moja. Kwa Seneca II, mwekundu uko noti 66 na wa buluu noti 89. Rubani anayevuta pua juu ili akwepe miti huku kasi ikishuka kutoka buluu kuelekea nyekundu hupinduliwa na ndege yake mwenyewe katika sekunde chache. Anayepima hatari katika kampuni ya bima anaijua picha hiyo vizuri, na ndiyo maana saa 245 za injini moja hazimtulizi.

Aina zinazostahili kuangaliwa

Kwa mnunuzi wetu ningeanza na familia ya Seneca, kuanzia II hadi V. Zina propela zinazozunguka kuelekeana, kwa hiyo hakuna injini moja iliyo mbaya zaidi kuzima kuliko nyingine. Kasi zake ni za upole. Na walimu na mafundi wanaozijua wako Wilson na Dar es Salaam. Udhaifu wake ni injini za TSIO-360, ambazo kwa matoleo mengi zinatakiwa kufumuliwa na kuundwa upya baada ya saa 1,800, na ambazo mwenye haraka huziunguza kwa kusukuma nguvu ghafla. Seneca ya kwanza kabisa, ya miaka ya mwanzo ya 1970, haina tabochaja. Kwa anayeishi kwenye nyanda za juu, iachwe, hata ikiuzwa kwa bei ya gari. Neno moja kwa wamiliki wa injini zenye tabochaja: neno “Turbo” lililopakwa pembeni ya ndege limewahi kuwafanya wajaza mafuta wadhani ni ndege ya jeti na kuijaza mafuta ya taa ya ndege badala ya petroli yake. Simama karibu na bomba mwenyewe.

Diamond DA42 ni jambo jingine. Injini zake ni za dizeli, zina tabochaja, zinachoma Jet A-1, yaani mafuta ya taa ya ndege, na zinaongozwa na kompyuta: kila injini ina mkono mmoja tu wa nguvu badala ya mitatu, na ukizima injini, propela yake hujigeuza bila rubani kuhangaika na mikono mingine. Kwa mtu mwenye saa chache, kazi hiyo iliyopunguzwa ina thamani kubwa, na wapima hatari wengi huiona hivyo pia. Petroli ya ndege hukosekana katika viwanja vingi vya ukanda wetu, au hupatikana kwa pipa na kwa bei ya mwenye pipa, ilhali Jet A-1 kwa kawaida ipo zinapotua ndege kubwa za abiria. Inakunywa takriban nusu ya mafuta ya Baron. Ila kuwa macho na zile za zamani zenye injini za Thielert, kampuni iliyofilisika mwaka 2008: gharama ya kuzitunza na kuzibadilisha imewahi kumeza bei nzima ya ndege. Matoleo yenye injini za Austro ndiyo ya kutafutwa, na kabla ya kulipa, hakikisha kuna fundi aliyeidhinishwa kuzihudumia hapa, si Johannesburg peke yake.

Baron 58 ni ndege bora ya kununua ya pili, si ya kwanza. Cessna 310 vilevile. Cessna 337, yenye injini moja mbele na nyingine nyuma, haivuti upande injini ikizima, lakini utengenezaji wake Marekani ulikoma mwaka 1980, na rubani anaweza kuanza kuondoka bila kugundua kwamba injini ya nyuma imelala. Cessna 421 na ndugu zake zenye chumba chenye hewa iliyobanwa zinavutia kwa bei, kwa sababu wamiliki wake wanazikimbia gharama. Rubani mchanga asiziguse.

Na King Air C90? Injini zake za PT6A hufika saa 3,600 kabla ya kufumuliwa, ni za kuaminika kupita zote nilizotaja, na kwa mtazamo wa usalama wa mitambo ndiyo inayoshinda. Lakini kwa saa 260, kampuni ya bima itakuambia umwajiri rubani wa kulipwa awe ndiye nahodha, nawe ukae kiti cha kulia. Kwa mfanyabiashara mwenye shughuli nyingi hilo si tusi, na mara nyingine ndilo jibu sahihi: unafika mkutanoni bila uchovu, na saa zako zinaongezeka polepole pembeni ya mtu anayeijua kazi, ingawa bima haitazihesabu zote kama saa za nahodha.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Fundi wa ukaguzi awe wako, asiwe yule aliyeitunza ndege kwa muuzaji. Aangalie mgandamizo wa kila silinda na ndani ya silinda kwa kamera. Kutu kwenye mihimili ya mabawa, hasa kama ndege imeishi Mombasa, Zanzibar au Tanga. Nyufa kwenye mhimili mkuu wa Baron, ambazo zina agizo lake la ukaguzi. Hita inayochoma petroli ya Seneca na Baron. Mabomba ya moshi ya injini zenye tabochaja. Na ncha za propela zilizotafunwa na mawe ya viwanja vya murramu. Vitabu vya kumbukumbu visivyokamilika vipunguze bei, au viuvunje ununuzi.

Bima inavyopatikana hapa

Sheria za Kenya, na za Tanzania vilevile, zinataka bima ya mali iliyo nchini ichukuliwe kwa kampuni iliyosajiliwa nchini, chini ya mamlaka za kusimamia bima: IRA kwa Kenya na TIRA kwa Tanzania. Lakini kampuni ya Nairobi au ya Dar es Salaam haibebi peke yake hatari ya ndege ya dola 300,000 pamoja na dhima ya dola milioni kadhaa. Sehemu kubwa hupelekwa kwenye bima mtawanyo, yaani kwa kampuni nyingine zinazoibebea kampuni hiyo sehemu ya hatari, na mara nyingi anayeamua bei na masharti anakaa London. Matokeo yake ni mawili. La kwanza, majibu huchukua siku au wiki, kwa hiyo usipange kuichukua ndege Ijumaa. La pili, anayekupima hakujui, hajakuona, na hatakuona. Kinachokuwakilisha ni karatasi. Dalali anayeijua bima ya anga, si yule anayekukatia ya magari na kukufanyia hisani, ndiye anayejua jinsi ya kuiandika karatasi hiyo.

Chagua dalali mmoja. Wawili wakipeleka jina lako kwenye soko lilelile, wapima hatari hupokea maombi mawili yenye takwimu zisizolingana, na wengi wao hukataa kumjibu wa pili au huwajibu wote kwa bei ya tahadhari.

Fomu ya rubani ndiyo moyo wa maombi. Itauliza saa zako zote, saa za injini mbili, saa za magurudumu ya kukunjwa, saa za aina hiyo hiyo ya ndege, saa za miezi 12 na siku 90 zilizopita, leseni, idhini za kuruka kwa vyombo (bila kutegemea kuona nje), cheti cha afya, mafunzo ya mwisho, na ajali au makosa yoyote. Jaza daftari likiwa mkononi. Ukiandika saa 300 kwa sababu utazifikia kabla ya Juni, umesema uongo kwenye mkataba unaosimama juu ya uaminifu kamili, na uongo huo utafukuliwa siku ya madai, wala si siku ya kulipa ada. Ambatisha pia barua fupi ya mpango wa mafunzo: utafunzwa wapi, na nani, kwa saa ngapi, na utaanza lini kubeba watu. Nimeona barua ya ukurasa mmoja ikigeuza “hapana” kuwa “ndiyo, kwa masharti.”

Masharti yenyewe, kwa mtu kama mnunuzi wetu, mara nyingi huwa haya: kozi rasmi ya aina hiyo ya ndege, kwa simuleta au ndani ya ndege yenyewe, saa 25 hadi 50 na mwalimu aliyekubaliwa na kampuni, na ndani ya saa hizo asibebe abiria, idhini ya kuruka kwa vyombo kabla ya safari za kazi, na mafunzo ya kurudia kila mwaka. Marekani masharti ya namna hii yamezoeleka kiasi kwamba kwa ndege moja, Mitsubishi MU-2, serikali yenyewe iliyafanya kuwa sheria mwaka 2008 baada ya ajali nyingi. Kabla ya kunung’unika, linganisha gharama. Ndege ya thamani ya dola 250,000 ikikatiwa bima kwa asilimia 6, ada ni dola 15,000 kwa mwaka. Ikishuka hadi asilimia 3 baada ya mwaka wa pili usio na madai na saa 150 za ziada, ni dola 7,500. Hizo ni namba za mfano, lakini zinaonyesha kwamba kozi nzuri hujilipia.

Kisha soma mkataba, hasa mahali pa kuchosha. Mikataba mingi ya huku imejengwa juu ya hati ya London iitwayo AVN 1C au mrithi wake AVN 1D. Kifungu cha rubani husema nani anaweza kuirusha. Ikiwa umetajwa wewe kwa jina, na rafiki yako mwenye saa 4,000 akaipeleka Malindi, bima haipo, hata kama yeye ni bora kuliko wewe mara kumi. Ikiwa cheti chako cha afya kiliisha Jumanne, Jumatano huna bima. Kifungu kingine huondoa ajali iliyotokea wakati wa kutua au kuondoka mahali pasipolingana na mapendekezo ya mtengenezaji wa ndege, isipokuwa kwa dharura. Hicho nikisome mara mbili kwa yeyote anayepanga kutua viwanja vifupi vya murramu vya Mara au Serengeti: kama hesabu za kitabu cha ndege zinadai mita 900 kwa uzito na joto la siku hiyo, na kiwanja kina 800, umejirusha nje ya mkataba.

Vita, utekaji na uharibifu wa makusudi huondolewa kwa kifungu cha AVN 48B, na hurudishwa kwa kulipia bima tofauti. Ramani ya mkataba nayo isomwe: Somalia, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo mara nyingi ziko nje, na mfanyabiashara mwenye wateja Goma au Juba lazima aulize kabla ya kuondoka. Matumizi yaandikwe sawasawa. “Binafsi na biashara ya mmiliki” maana yake ni kwamba hutozi nauli. Siku utakapomwambia jirani achangie dola 400 akae kiti cha nyuma, umeingia kwenye usafirishaji wa kulipwa, ambao leseni yako hairuhusu na bima yako haiutambui.

Thamani ya ndege huwa ni thamani mliyokubaliana, si ya soko la siku ya ajali. Watu huishusha ili ada ipungue, na huo ni mtego. Fikiria kutua bila kufungua magurudumu, kosa la kawaida kabisa kwa rubani anayetoka ndege ya magurudumu yasiyokunjwa. Hakuna anayeumia. Lakini propela mbili zimepinda, injini mbili lazima zifunguliwe zote kukaguliwa kwa kuwa zilisimamishwa ghafla, na tumbo la ndege limechanika. Gharama hiyo kwa Seneca ya zamani hukaribia bei ya ndege. Uliyeandika thamani ndogo utalipwa hiyo ndogo, kampuni itachukua mabaki, nawe hutaweza kununua nyingine kama hiyo. Uliyeandika kubwa kupita kiasi utalazimika kupokea ndege iliyotengenezwa ambayo afadhali ingetupwa. Andika gharama halisi ya kuipata nyingine ya aina hiyo, ikiwemo kuileta nchini na ushuru, na uulize ni kiasi gani utajilipia mwenyewe kwenye kila madai, kwa kuwa kwa rubani wa saa chache kiasi hicho kinaweza kuongezwa maradufu.

Dhima kwa watu wa tatu na abiria huja mara nyingi kama kikomo kimoja cha jumla, lakini ndani yake huenda mkawa na kikomo kidogo kwa kila abiria. Dola milioni 1 zenye dola 100,000 kwa kila abiria ni kitu tofauti kabisa na dola milioni 1 zisizogawanywa, na mtu anayewabeba wakurugenzi wake anapaswa kuililia ya pili. Hakikisha kampuni yako na wewe binafsi mmetajwa wote kama wenye bima, na kwamba rubani msimamizi, yule anayeruka nawe saa za mwanzo, naye amelindwa, ili kampuni ya bima isije ikamgeukia yeye kudai ilicholipa. Kisha fungua bima yako ya maisha, na ile ambayo kampuni imekukatia kama mtu muhimu: nyingi huondoa kifo kinachotokea ndani ya ndege isipokuwa ukiwa abiria wa kulipa nauli.

Saa 50 za kwanza

Mnunuzi wetu, akiwa na Seneca V au DA42, angefanya hivi: wiki mbili za kozi, kisha safari za kweli za kazi, bila abiria, pamoja na rubani msimamizi aliyekubaliwa kwa maandishi, yeye mwenyewe akishika ndege na msimamizi akiwa kiti cha kulia. Katika saa hizo aende Kisumu na Mombasa, aende Eldoret ambako uwanja uko karibu na futi 7,000, atue mvua ikinyesha, na angalau mara moja aondoke alfajiri na mara moja saa nane mchana akiwa na uzito uleule, aandike futi alizopanda kwa dakika katika kila safari, na alinganishe na kitabu. Injini izimwe kwa mazoezi kwenye kimo salama pekee, kamwe si mara baada ya kuondoka Wilson, hata mwalimu akisema amefanya hivyo mara mia.

Kila saa iandikwe siku ileile kwenye daftari, ikisainiwa na msimamizi, kwa kuwa siku masharti yatakapotimia, dalali ataomba nakala za kurasa hizo ili kifungu cha rubani kirekebishwe kwa maandishi. Mpaka hati hiyo ya marekebisho ifike mkononi, iwe na tarehe na muhuri, msimamizi aendelee kukaa kiti cha kulia.